Droo ya Kiti cha Zamu

Mimi ni seremala. Shule niliacha darasa la nne, na madawati ya shule zetu tatu nimeyapigilia misumari mwenyewe. Shule zenyewe hazikuwa na kitu: walimu wa kuhesabu kwa vidole, vitabu vya kugombania, wazazi ndio sisi. Basi walimu wakuu watatu wakakubaliana kuongoza pamoja. Kila muhula mmoja anashika zamu na kuamua kwa niaba ya wenzake, na kosa la mmoja ni la wote.

Ofisi ya pamoja hawakuwa nayo, wakaniagiza kiti cha zamu. Nikakitengeneza kwa mabaki ya madawati, nikakitia droo chini ya kikalio. Shughuli ambayo mwenye zamu hajaimaliza, karatasi yake anaiacha mle. Muhula ukiisha, mimi nabeba kiti kichwani hadi shule inayofuata.

Mkuu wa shule ya bondeni ni dada yangu, tumbo moja. Zamu yake ilipokaribia kwisha, watoto wa darasa la mwisho wa bondeni walihamishiwa shule ya mlimani, kwenye mwalimu wa hesabu. Binti yangu alikuwa hospitalini na homa, hakuwemo kwenye orodha ya waliohama. Huyo ndiye aliyekuwa akinisomea vipimo tangu ana miaka saba. Nilitaka apite pale nilipokwama mimi, sikuwa na ombi lingine duniani.

Dada alikuwa ameniambia mara mbili kwamba droo inakwama. Mara zote mbili nilimjibu kesho.

Siku ya kuhamisha kiti mvua ilinikuta njiani. Mkuu wa mlimani, tuliyemwita Miwani, alivuta droo ikagoma.

"Fundi, droo yako ina kiburi kuliko mimi mwenye zamu," alisema. "Kuna kitu humu?"

"Hakuna. Mbao zimevimba tu. Nitakuja kuiranda kesho."

Sikuwa nimechungulia. Nilijibu tu, kama mtu anavyojibu akiwa na haraka ya kwenda kula.

Binti alipona, akaenda mlimani, akasoma kama mwenye deni na vitabu. Miezi miwili baadaye namba za watahiniwa zilibandikwa ukutani, yeye hana. Wakuu wote watatu walifuatana hadi ofisi ya elimu. Karani aliwaambia orodha imefungwa, wasubiri mwakani.

Jioni ile walikuja kwangu. Miwani alisema kosa ni lake, aliandikisha watahiniwa kwa orodha ya waliohama bila kuhesabu watoto darasani. Mkuu wa shule ya sokoni, mama mpole asiyehusika hata kidogo, alisema ni lake pia. Mwisho dada alisema alimwandikia Miwani barua kwamba mtoto aongezwe kwenye orodha, akaiweka kwenye droo.

Miwani alinitazama. Ningeshukuru kama angenitukana.

Nilichukua randa na patasi nikapanda mlimani. Kazi yenyewe haikufika robo saa. Karatasi ilikuwa mle, imelowa pembeni, mwandiko wa dada. Sikuhitaji kusomewa. Jina la mwanangu nalijua.

Niliporudi walikuwa bado wamekaa. Dada alinishika mkono. "Mdogo wangu, tulikubaliana. Kosa ni letu sote."

"Hapana, dada. Hili msigawane nami. Niliulizwa kama kuna kitu, nikasema hakuna."

Binti alikuwa mlangoni, amesikia yote. Hakulia. Aliingia ndani, nikasikia akipanga madaftari yake.

Asubuhi ya mtihani alivaa sare, akasimama nje wenzake wakipita. Rafiki yake mmoja alikuwa hana rula, akampa yake. Halafu akaja kwenye karakana, akasimama kwenye vumbi la mbao.

"Baba, mwakani karatasi yangu nitaipeleka mwenyewe."

"Sawa, mama."

Tangu azaliwe namwita hivyo, kwa kuwa ana jina la marehemu mama yangu. Siku ile hakuniitikia.

Muhula ulipokwisha nilikwenda mlimani kuchukua kiti. Nikakuta Miwani na yule mama wa sokoni wameshakibeba, huyu mbele, huyu nyuma, wanateremka nacho taratibu. Walisema wameona wanipumzishe. Niliwafuata hadi sokoni, mikono mitupu.