Dengu ya Ba Isiyo na Chumvi

Khaemba alipika kwa Ba miaka sita na hakuwahi kuonja hata kijiko kimoja. Ndiyo ilikuwa sheria ya nyumba ile. Chakula kikiiva, sahani ndogo ya kwanza inapelekwa mbele ya miungu, kwenye kabati la maombi, ndipo watu wanakula. Mpishi akionja kabla, basi miungu wamepewa makombo. Kwa hivyo Khaemba alijifunza kupika kwa pua na kwa macho. Majirani zake wa Mashimoni, kule Kibera, walimcheka mpaka wakashika mbavu. Mpishi gani huyo anatoka jikoni na njaa? Naye aliwaacha wacheke, maana kusema kweli alijivunia sana jambo hilo.

Ba alikuwa mama mzazi wa Jayanti, mwenye duka la vitambaa pale Kawangware, na nyumba yao ilikuwa nyuma ya duka. Kwao Wahindi, Ba ni mama, na kila mtu alimwita hivyo, hata wateja. Alikuwa mjane wa sari nyeupe, mwembamba, mwenye Kiswahili cha dukani na ulimi mkali. Kikombe cha Khaemba alikiweka dirishani, mbali na vyombo vya nyumba. Lakini Khaemba akikohoa, ni Ba huyo huyo aliyemchemshia tangawizi.

Sasa, miaka hii miwili ya mwisho, chakula cha Ba kilipikwa kwenye sufuria ya peke yake, bila chumvi, hata punje. Kila mchana Khaemba alimpelekea sahani ile, na kila mchana moyo wake ulimsuta. Ba alikula hivyo kwa sababu ya kosa alilodhani ni lake. Khaemba alijua ni la nani.

Mambo yalianza mwaka wa sabini na mbili. Mjukuu wa pekee wa Ba, aliyeitwa Ila, mtoto wa miaka minne, alishikwa na homa mbaya. Zilikuwa zile siku tisa ambazo Wahindi hufunga kula kwa ajili ya Mata, Mama Mungu wao. Ba akaweka nadhiri: taa ya samli itawaka mbele ya Mata siku zote tisa bila kuzimika, na Mata amponye mtoto.

"Zamani iko jini, mwili kama nyati," alimweleza Khaemba huku akisokota pamba ya utambi. "Jini nashinda miungu yote. Mata napigana na yeye siku tisa. Taa nawaka, Mata naona wapi kupiga. Taa nazima, Mata napigana gizani. Wewe nasikia?"

"Nasikia, Ba."

Siku ya nane mtoto alizidiwa, na nyumba nzima ikakimbilia hospitali. Ba alikuwa ameshatoka mlangoni, akarudi. "Khaemba, wewe nakula nyama siku hizi? Samaki?"

"Sijagusa, Ba." Na ilikuwa kweli, kwa vile Ba mwenyewe alimwomba afunge nao.

"Basi wewe naangalia taa. Ongeza samli. Hapana toka."

Alikaa vizuri tu mpaka saa saba. Halafu Rosebella, mama aliyeuza chakula ng'ambo ya barabara, akaanza kukaanga dagaa wa omena. Wewe siku nane umekula dengu na viazi, halafu omena inanukia pale! Khaemba akajiambia dakika tano. Lo, dakika tano za Nairobi unazijua mwenyewe. Alikula sahani nzima kwa ugali. Akamkuta Obiero, fundi wa baiskeli, wakaanza kubishana timu za Abaluhya na Gor nani atampiga nani Jumapili. Aliporudi, kabatini palikuwa na utambi mweusi na moshi kidogo.

Aliwasha kiberiti, akaiwasha taa tena kwa mkono unaonuka samaki. Asubuhi yake Ila akafariki.

Baada ya kuuchoma mwili wa mtoto kwa desturi yao, na majivu kutiwa mtoni, Ba alimwuliza mara moja tu. "Taa nazima siku ile?"

"Haikuzima, Ba."

Hapo ndipo alipoharibu kabisa! Kwa maana Ba alimwamini. Kama taa haikuzima, akawaza, basi mwenye kosa ni mimi. Akakumbuka kwamba siku ya saba, katikati ya mfungo, alimfokea mkaza mwanawe kwa matusi mazito mbele ya kabati lile lile. Hasira inaharibu nadhiri, akasema. Akajihukumu: hatakula chumvi mpaka afe.

Khaemba alikuwa Mkristo wa kanisa la Friends, na mhubiri wake aliwaambia taa za namna ile ni kazi bure. Mke wake, Nekoye, alimwambia mara ngapi, "Mtoto aliuawa na malaria. Kwani wewe umekuwa Mhindi?" Hapana, hakuwa Mhindi. Lakini hakuwa ameahidi kwa Mata. Aliahidi kwa Ba. Na sasa Ba anazidi kukonda, na mtu anayempakulia ni yeye.

Halafu wiki moja Ba alianguka bafuni. Daktari akasema mwili umeishiwa chumvi, na akiendelea hivyo hataona mwezi ujao. Ba akatikisa kichwa, hataki. Mchana Jayanti akaingia jikoni, macho mekundu.

"Khaemba, tia kidogo kwa dengu yake. Mama hatajua. Mimi naomba wewe."

Akatoka. Khaemba akachota chumvi kwa vidole vitatu, akasimama nayo juu ya sufuria. Kidogo tu, na Ba atapona, na hakuna atakayejua lolote. Lakini nadhiri ya mama wa watu! Amdanganye mara ya kwanza, halafu amdanganye tena ndani ya chakula chake? Aliona aibu mpaka masikio yakamchoma. Akairudisha chumvi mkebeni, akapakua kama kawaida, akaenda.

Ba alikuwa ameketi kitandani. Alishamega chapati, ameanza kula, Khaemba alipopiga magoti sakafuni.

"Ba, taa ilizima. Siku ya nane. Nilitoka."

Mkono wa Ba ukasimama. "Natoka wapi?"

"Kula omena, Ba."

Ba akairudisha chapati sahanini. Cherehani ya dukani ilisikika, ikaacha, ikaanza tena. Khaemba alingoja afukuzwe. Alishaanza hata kufikiria atamwambiaje Nekoye.

"Taa nazima siku moja," Ba alisema hatimaye. "Hiyo Mata mwenyewe najua. Pengine mtoto Ila nakufa tu, watoto nakufa. Lakini sahani hii, Khaemba. Miaka mbili. Kila siku wewe naleta. Wewe nasimama hapo mlangoni, naangalia mimi nakula."

"Ndiyo, Ba."

Akaisukuma sahani mpaka ukingoni mwa kitanda, sahani aliyokuwa ameanza kuila, ambayo hakuna mkono mwingine uliowahi kuigusa Ba akiwa bado anakula.

"Onja."

"Ba, mimi siwezi..."

"Onja!"

Akachota, akatia mdomoni. Alinusa bizari na tangawizi, harufu ile ile aliyojivunia miaka yote, na ulimini hapakuwa na kitu. Ilikuwa kama kunywa maji yaliyooshewa sufuria. Alitaka kuacha.

"Maliza," Ba alisema.

Alimaliza sahani yote pale sakafuni, akilia waziwazi. Ba alimtazama mpaka tonge la mwisho, hakugeuza uso.

"Sasa enda," akamwambia. "Pika ingine. Tia chumvi."

Khaemba akarudi jikoni. Aliosha dengu, akakaanga bizari, akatia chumvi, asijue kama imetosha. Akachukua kijiko. Kabla hajakifikisha mdomoni, sauti ya Ba ikatoka chumbani, dhaifu lakini kali vile vile.

"Khaemba! Hapana onja. Mata bado hapana kula."

"Sawa, Ba," akajibu, akakirudisha kijiko mahali pake.