Sura ya Majaribio

Mwenzangu wa mradi tulimwita Profesa, na si kwa heshima. Tangu mwaka wa kwanza hajawahi kukiri kwamba kuna jambo asilolijua. Ukimuuliza njia ya kwenda mahali ambapo hajafika maishani mwake, atakuelekeza tu, tena kwa mikono miwili. Sikumchagua mimi. Msimamizi wetu pale chuoni ndiye aliyetupanga wawili wawili kwa kufuata orodha ya usajili, nami nikaangukia huko.

Wazo la mradi lilikuwa langu. Mama yangu mdogo ana shule ya chekechea, na kila alasiri pale getini kwake huwa patashika. Huyu kamtuma shemeji yake amchukulie mtoto, yule kamtuma dada wa kazi, na mwalimu wa zamu anatakiwa azikumbuke sura zote hizo huku watoto wakimvuta gauni. Tukapendekeza mfumo ambao kila mlezi anasajiliwa kwa namba yake ya simu. Akifika getini anataja namba, mwalimu anaiandika kwenye tableti, na skrini inageuka kijani kama ana ruhusa ya kumchukua mtoto yule, au nyekundu kama hana. Msimamizi alilipenda pendekezo. Mama mdogo hakulipenda, maana kompyuta kwake ni kitu cha kufunikwa kitambaa kisipate vumbi.

Aliyemfanya akubali ni mtoto mmoja tu, Kidoti, msichana mdogo mwenye alama nyeusi shavuni. Wazazi wake walikuwa wameachana na mahakama ikaamua akae na mama yake. Baba akaapa mbele ya watu kwamba atamchukua mtoto ampeleke kwao ng'ambo ya mpaka, na mama atabaki kumwona kwenye picha. Yule mama alikuja shuleni akilia, akaomba bwana huyo asipite getini hata akija na zawadi. Mama mdogo alituambia hayo siku ya kwanza tuliyomhoji kwa ajili ya mradi. Alisema mfumo wetu hata usipofanya kingine chochote, umkatae huyo bwana. Nikaliandika hilo kuwa hitaji la kwanza, juu ya mengine yote, na nikaahidi kwa kinywa changu.

Alasiri mambo yalipoharibika tulikuwa kwenye chumba cha kompyuta cha idara, tukimalizia ripoti. Kesho yake ilikuwa tuikabidhi na kusimama mbele ya jopo la wahadhiri. Profesa alikuwa ameandika sura za mwisho, mimi nasahihisha. Sura ya majaribio ilianza kwa mbwembwe na kumalizika kwa kusema mfumo umejaribiwa na watumiaji halisi na kufaulu kwa asilimia mia moja. Nikamwambia majaribio yenyewe bado yanaendelea shuleni, hizo asilimia amezitoa wapi? Akanijibu kwamba ripoti zote huishia hivyo, na jopo husoma hitimisho peke yake. Nilitaka kumrushia kitabu, lakini kitabu kilikuwa cha maktaba.

Nikahamia kwenye picha za skrini. Moja ilikuwa nzuri kweli. Picha ya mtoto juu, chini maandishi yanasema ruhusa imethibitishwa, na kijani kimejaa pande zote. Ila kwenye kisanduku cha namba ya simu kulikuwa na sifuri tupu, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Nikamuuliza hii ni namba ya nani.

Wala hakugeuza kichwa. Alisema kutafuta namba sahihi kwa kila picha kulikuwa kunampotezea muda, kwa hiyo aliuzima ule mstari wa programu unaokagua namba. Andika chochote, skrini inatoka kijani. Akaongeza kwamba kwenye ripoti kijani kinapendeza.

"Uliurudisha lini?" nikamuuliza.

Vidole vyake vikasimama juu ya kibodi. Hakuwa ameurudisha. Mfumo ule ule aliouchezea ndio uliokuwa ukitumika, kupitia mtandao, kwenye tableti ya mama mdogo, na muda huo wazazi walikuwa getini wanachukua watoto.

Nikampigia mama mdogo. Simu iliita hadi ikakata, kwa sababu saa za kuchukuliwa watoto simu yake hukaa mezani ofisini na yeye yuko uwanjani anatafuta viatu vya watu. Nikamwambia Profesa aurudishe huo mstari sasa hivi. Akasema hawezi, kazi yote iko kwenye kompyuta yake, na kompyuta yake iko bwenini. Alianza kunieleza kwamba uwezekano wa jambo baya kutokea ni mdogo sana kitakwimu. Nilimshika mkono nikamkokota hadi nje. Ripoti tukaiacha imefunguka pale pale.

Chekechea haiko mbali na chuo, na tulikimbia njia nzima. Nilikuwa najiambia kwamba nitamkuta Kidoti anacheza kwenye mchanga, nitaizima ile tableti, kisha nitapata nafasi ya kumtukana Profesa kwa raha zangu.

Tulipofika, mama yake Kidoti alikuwa amesimama getini na sare ya kazini mwilini, ameshika mfuko mdogo wa shule ambao haukuwa na mwenyewe. Mwalimu wa zamu, binti aliyeanza kazi muhula huo, alikuwa ameibana tableti kifuani. Alikuwa anarudia maneno yale yale. Baba kaja, kataja namba, skrini imekuwa kijani. Si ndivyo alivyofundishwa? Alifundishwa na mimi. Nilimwambia asitazame nguo wala lugha ya mtu, atazame rangi.

Mama mdogo alinitazama mara moja tu. Hakunigombeza. Aliniuliza kama kuna njia ya kujua alikokwenda, na mimi nikaichukua tableti. Mfumo ulikuwa unaweka kumbukumbu ya kila namba iliyoandikwa. Ya mwisho kwa Kidoti ilikuwa pale, na saa ikionyesha ameondoka muda si mrefu. Nikamsomea mama yake. Hakuitambua. Bwana alikuwa amebadilisha laini.

Nikaipiga namba ile, nikafungulia sauti wote wasikie. Aliitika mwanamume mwenye sauti ya upole. Nyuma yake mtu alikuwa anapaza sauti akiwaita abiria wa kuvuka mpaka wapande, gari linaondoka, na karibu zaidi mtoto alikuwa anaomba maji. Simu ikakatwa.

"Stendi," mama yake Kidoti alisema, na tayari alikuwa barabarani anasimamisha teksi.

Mama mdogo alibaki na watoto ambao hawajachukuliwa, akasimama mwenyewe katikati ya geti na mikono kiunoni. Sisi watatu tukajibana kwenye teksi. Njiani mama yake Kidoti alikuwa anaufungua na kuufunga ule mfuko wa shule, na kila alipoufungua nilitamani ardhi inimeze. Profesa alianza kusema kitu nikamkanyaga mguu.

Basi lilikuwa linanguruma pale kwenye kituo chake, mizigo imeshapakiwa. Bwana yule alikuwa mlangoni, suti safi, Kidoti kambeba mkono mmoja na chupa ya maji mkono wa pili. Mama akamrukia. Watu wakajaa kwa kufumba na kufumbua, na Kidoti akaanza kulia kwa kuona watu wazima wanavutana. Askari wa stendi akapenya, mtu mzima mwenye tumbo na uchovu, akawatenganisha, akauliza mtoto ni wa nani. Wote wawili wakasema, "Ni wangu."

Baba alikuwa amejiandaa. Alitoa cheti cha kuzaliwa kilichowekwa kwenye plastiki, jina lake limo. Mama akasema kuna amri ya mahakama. Askari akaomba kuiona. Iko nyumbani, kabatini, mwendo mrefu kutoka pale. Dereva akapiga honi.

"Afande, mimi sikuruka ukuta," baba alisema, taratibu, kama anayemweleza mgeni bei ya nauli. "Nilikwenda shuleni mchana kweupe. Nikataja namba yangu, mwalimu akaandika, kompyuta yao ikaniruhusu. Shule wangeniruhusu kama nimekatazwa?"

Askari akatugeukia sisi na kuuliza tunahusika vipi. Nikasema mfumo wa pale getini ni kazi yetu. Akauliza swali ambalo mtu yeyote mwenye akili angeuliza, kwamba huo mfumo wetu unafanya kazi?

Kabla sijafungua mdomo, Profesa alishasogea mbele. Sijui ni ile sare ya askari au ni zile siku alizokuwa akijiandaa kwa jopo mbele ya kioo, lakini alinyoosha mgongo, akakohoa kidogo.

"Unafanya kazi ipasavyo, afande. Tumeujaribu kwa watumiaji halisi, na umefaulu kwa asilimia mia moja."

Baba akatabasamu. Niliona jambo lenyewe likigeuka mbele ya macho yangu. Kama mfumo ni mzima, basi bwana yule ana ruhusa, na aliyekatazwa ni mama. Askari akamwambia mama, bila ubaya wowote, kwamba shule yenyewe imemkabidhi mtoto kwa baba yake, na haya mengine ni ya nyumbani, wakayamalize kwa wakubwa wao. Baba akakanyaga ngazi ya basi. Mama yake Kidoti hakupiga kelele. Alinishika mkono wa nguo akanitazama, na sijapata kutazamwa vile.

Hasira iliyonipanda pale haikuwa ya Profesa peke yake. Ilikuwa ya ile sura yote aliyoiandika, na ya mimi niliyekuwa nimekaa naisahihisha vituo na mikato.

"Afande, usimsikilize huyu," nikasema. "Mfumo wetu haufanyi kazi. Haumkagui mtu yeyote."

Profesa akaninong'oneza kwamba kesho kuna jopo. Nikafungua mfumo kwenye simu yangu, nikatafuta ukurasa wa Kidoti, nikamwekea askari kiganjani.

"Andika namba yako wewe mwenyewe."

Alinitazama kama anayehisi anachezewa. Kisha akaandika, kwa kidole kimoja kinene, akikosea na kufuta. Akabonyeza. Skrini ikawa kijani pande zote. Picha ya Kidoti ikatokea, na chini yake maneno tuliyoyatunga sisi wenyewe, ruhusa imethibitishwa, mkabidhi mtoto.

Askari akayasoma. Akaandika namba nyingine, nadhani ya mkewe. Kijani. Akaandika sifuri tupu. Kijani. Akanyanyua kichwa, akawa anaangalia skrini na mtoto, skrini na mtoto, na uchovu wote ukawa umemtoka usoni.

"Kwa hiyo hata mimi ningekwenda pale ningepewa," alisema.

"Ungepewa, afande."

"Bwana, shuka kwenye gari. Mtoto mpe mama yake. Twendeni wote kituoni mpaka hiyo karatasi ya mahakama iletwe."

Baba alisema mengi, na sauti ikawa si ya upole tena, lakini askari alikuwa ameshamshika kiwiko. Basi likaondoka. Kidoti alihamia shingoni kwa mama yake akang'ang'ania pale kwa mikono na miguu, na chupa ya maji ikaanguka ikavingirika chini ya magari. Nilikuwa nalia, na sikujali nani ananiona.

Kituo cha polisi cha stendi ni chumba kimoja cha mbele chenye benchi na meza, na kingine nyuma yake. Kaka yake mama alitumwa kuileta amri ya mahakama, akaja nayo anahema, na askari akaisoma ukurasa kwa ukurasa, midomo ikicheza. Alipomaliza alimchukua baba chumba cha nyuma. Mimi akanipa karatasi nyeupe na kalamu, akaniambia niandike maelezo, mfumo ni wa nani, ulitengenezwaje, na ilikuwaje.

Profesa akasogea karibu yangu. Alikuwa amenywea, lazima niseme ukweli, ila mdomo bado ulikuwa mzima. Akanishauri niandike kwamba kulikuwa na hitilafu ndogo ya muda. Nikamwambia nitaandika tulichofanya, na kwamba karatasi hii ndiyo itakayokuwa sura yetu ya majaribio, jopo litufelishe au litupitishe. Akaenda kukaa mwisho wa benchi.

Nikaandika. Mfumo ulitakiwa kukagua namba ya kila anayemchukua mtoto. Tuliuzima ukaguzi ili tupate picha za ripoti. Hatukuuwasha tena. Tukaandika kwamba umefaulu. Ilikuwa ni mara yangu ya kwanza, tangu mradi uanze, kuandika sentensi ambazo sikuhitaji kuzipamba.

Mama yake Kidoti alikuwa amekaa mbele yangu, mtoto amelala begani, mfuko wa shule miguuni. Nilijua anayasoma maandishi yangu juu chini. Nikasubiri anitukane, na kwa kweli nilitamani anitukane tupumue wote wawili. Nikamwambia, "Mama, naomba unisamehe."

Alimpangusa mtoto jasho la shingoni, polepole asimwamshe.

"Mimi kesho alfajiri naingia kazini, mdogo wangu," alisema. "Sina mama, sina dada. Pale kwa mama yako mdogo ndipo mahali pekee nilipokuwa namwacha nikasahau kuogopa. Sasa niambie wewe msomi, kesho nimwache wapi?"

Nilimaliza mstari niliokuwa naandika, nikaweka sahihi chini, nikamrudishia askari kalamu yake.