Miaka Minne ya Kapiteni

Tonton Léonidas, mjomba wangu kwa heshima tu, aliirudisha karatasi yangu kwa ncha ya kidole, kama mtu anayesogeza sahani ya chakula kilichochacha.

"Mimi sisaini hii," alisema.

Papa alikuwa amenyoosha mguu wa kulia chini ya meza, goti limevimba hadi suruali imekaza. Dirishani, Hallunda, mtaa alikoishi Tonton, ilikuwa na ile mvua nyembamba ya Oktoba, isiyonyesha wala kukatika. Bukari, ugali wetu wa Katanga, ilianza kukauka kingo. Kwa miaka ishirini na saba watu hawa wawili walikuwa wamekula pamoja karibu kila Jumamosi, mara huku, mara kwetu Tensta, upande wa pili wa mji, na sikuwahi kuona sombe, kisamvu chetu, ikibaki sufuriani. Siku ile ilibaki.

Barua niliiandika mimi, kwa Kiswidi, na niliionea fahari. Nilikuwa nimemaliza stashahada ya ukalimani miezi minne tu nyuma, na nilidhani hakuna mlango usiofunguka mbele ya sentensi iliyonyooka. Ilieleza jambo moja: kwamba baba yangu, Ilunga, hakuzaliwa mwaka 1962 kama hati zake zote zinavyosema. Alizaliwa 1958. Padri mmoja wa Likasi alitutumia picha ya daftari la ubatizo, wino umefifia lakini mwaka unasomeka. Mama wa ofisi ya usajili aliitazama picha ile akasema ni mwanzo mzuri, ila alitaka vitu viwili zaidi: maelezo ya kwa nini pasipoti ilisema vingine, na shahidi aliyekuwepo. Tukivipata, Papa angeacha kazi ya usafi wa shule mwaka unaofuata. Tusipovipata, angeongeza miaka minne juu ya magoti yale.

Maelezo nilikuwa nayo tangu utotoni. Watoto wengine walisimuliwa sungura na fisi. Mimi nilisimuliwa timu ya vijana ya Zaire.

Ni mwaka 1981, kambini Kinshasa. Vijana wamepangwa mstari juani, mmoja anamkanyaga mwenzake kwa siri. Anakuja afisa, nyuma yake karani kabeba mashine ya kupigia chapa kama mtu aliyebeba mtoto. Afisa ana swali moja tu: "Nani kati yenu ananyoa ndevu?" Mikono inapanda, kwa majivuno. Na kila aliyeinua mkono akapunguziwa miaka papo hapo. Mwenye ndevu za kubahatisha, miwili. Mwenye ndevu kama za Papa, minne. Mashindano yalikuwa ya walio chini ya ishirini, na Papa alikuwa amekwisha kutimiza ishirini na tatu. Hakuna aliyeshangaa. Nchi yenyewe ilikuwa imejibadilisha jina, mto ukapewa jina jipya, na watoto waliobatizwa kwa majina ya watakatifu wakaamriwa wayaache. Nani angeililia miaka minne?

Kisha Lusaka, fainali ya kombe la vijana. Papa ndiye kapiteni, beki wa kati, soksi kazifunga kwa kamba za viatu vya zamani. Dakika ya themanini na moja winga mwembamba, waliyemwita Mukalay kwa sababu jina lake la ubatizo lilikuwa marufuku, anawapita mabeki wawili na kupiga kwa mguu ambao hata yeye hakuuamini. Moja bila. Papa akifika hapo lazima asimame, popote tulipo. Aliwahi kunionyesha bao lile kwenye treni ya bluu, mkono mmoja umeshika nguzo, hadi mama mmoja wa Kiswidi akasogeza mfuko wake wa mboga.

Winga yule ndiye huyu Tonton Léonidas aliyekuwa amekaa mbele yetu.

"Kwa nini husaini, Tonton?"

"Soma tena pale katikati, Nicole. Kwa Kiswahili."

Nikasoma: "Sisi wachezaji tulipunguziwa umri na viongozi ili turuhusiwe kucheza."

"Sisi nani?"

"Timu."

Akamgeukia Papa. "Kapiteni, mimi niliinua mkono?"

Papa alijaribu mzaha. "Weye? Weye hata leo huna ndevu. Zilikuona, zikaghairi."

Hakucheka mtu.

"Nilikuwa na kumi na nane," Tonton alisema. "Kumi na nane ya kweli, aliyonizalia mama yangu. Nimekimbia vita na shati moja mgongoni. Nimeendesha basi katika mji huu miaka ishirini na miwili, na kila siku kuna mtu ananieleza njia ninayoijua. Kitu kimoja tu nilikipata bila kumwomba mtu yeyote: kombe lile. Leo mnataka niandike kwa mkono wangu kwamba tuliiba?"

"Lakini nani ataisoma?" nikasema. "Ni ofisi tu. Na nchi yenyewe haipo tena."

Ningeweza kuyameza maneno hayo, ningeyameza. Tonton alinitazama bila hasira, na hilo ndilo lililoniumiza.

"Ndiyo maana, mwanangu. Nchi nyingine zina watu wa kuzisemea. Zaire imebaki na nani? Mimi na huyu mzee."

Papa akachukua koti lake.

Kwenye treni vituo vilipita, watu wa Jumamosi wakipanda na kushuka na watoto na mifuko yao. Tulipokaribia kubadilisha treni katikati ya mji ndipo Papa alipofungua mdomo.

"Miaka arobaini na miwili sijawahi kumwuliza."

"Kumwuliza nini?"

"Umri wake. Nilidhani tuko sawa wote. Nilimpangia mahali pa kusimama, nilimfokea, nilimbeba mabegani. Kapiteni gani asiyewajua watu wake?"

Kesho yake, tuliporudi nyumbani kutoka kanisani, alinikalisha mbele ya kompyuta kabla hata sijavua viatu.

"Futa 'sisi'. Andika 'mimi'."

"Papa, huo si ukweli."

"Mkono ulikuwa wangu. Nani aliuinua, afisa?"

"Wataona ulidanganya peke yako, kwa faida yako mwenyewe. Watakataa."

"Wewe si ndiye fundi wa maneno? Andika."

Nikaandika. Hadi umri wa miaka kumi na tano nilikuwa nikimjibu Papa kwa Kiswidi, naona Kiswahili ni lugha ya jikoni. Baadaye nikakipenda kwa hasira, kama mtu anayegundua alichokuwa akiibiwa. Lakini siku ile, katika lugha zote nilizolipia jasho, sikupata namna ya kuilainisha sentensi ile: Nilipunguza umri wangu mwenyewe, wenzangu hawakuhusika.

Tonton Léonidas aliisoma kwenye kituo cha mabasi, amevaa sare, dakika sita kabla ya kuondoka. Aliisoma mara mbili. Chini yake palikuwa na mahali pa shahidi kuthibitisha kwamba alicheza timu moja na mwombaji. Akasaini polepole, kwa jina lote.

"Umejifunga, kapiteni," alisema bila kumtazama.

"Mpira ndivyo ulivyo," Papa akamjibu. "Nenda, abiria wanakununia."

Jibu lilikuja Januari. Kurasa mbili za adabu: mwombaji amekiri kutoa taarifa za uongo kwa hiari yake, hivyo maneno yake hayawezi kuwekwa juu ya hati zake. Nilimtafsiria neno kwa neno, yeye akimenya viazi. Nilipomaliza aliuliza jambo moja.

"Wameandika chochote kuhusu timu?"

"Hapana."

"Basi."

Akaendelea na viazi.

Huu ni mwaka wa pili tangu siku ile. Shule ya Papa ina ghorofa tatu, na lifti yake ni ya wagonjwa, ina ufunguo. Mwezi uliopita, Alhamisi, nilipita kumpelekea dawa yake ya kuchua, nikasikia sauti kabla ya kufika kwenye ngazi, nikasimama nyuma ya mlango wa kioo. Tonton Léonidas alikuwa juu, bado yuko na shati la sare ya basi, mikono kaikunja, anapiga deki. Baadaye nilikuja kujua kwamba huja kila Alhamisi zamu yake ikiisha, na kwamba hakuombwa. Papa alikuwa chini, mguu mmoja ameuegemeza ukutani, uso kauinua.

"Rudi! Rudi nyuma, umeacha nafasi!"

Na Tonton, mwenye miaka sitini na miwili, akarudi ngazi mbili na ndoo yake, akaifunga ile nafasi.