Risasi Tatu za Mazishi ya Mzee Ogola

Shemeji yangu Zadock aliingia hotelini kwangu Kibuye wakati wa chakula cha mchana, watu wamejaa mpaka wengine wanakula wamesimama, akakataa ugali. Zadock hakatai ugali. Nikamvuta nyuma jikoni, nikidhani dada yangu Nakhungu ameugua.

"Nakhungu ni mzima," akasema. "Maximilla, wewe unajua watu. Nani Kisumu hii anaweza kuniuzia risasi?"

Nikafunga mlango wa jiko kwa mguu.

Zadock alikuwa polisi wa akiba kule Sondu, wale raia wanaopewa bunduki na serikali walinde kijiji na wezi wa ng'ombe. Mshahara hakuna, lakini kila risasi ina hesabu yake. Inspekta huja, humwaga zote mezani, akasoma hata herufi zilizochongwa kitakoni. Ikipungua moja bila sababu, ni jela. Na miaka hiyo ya themanini, baada ya wanajeshi kujaribu kupindua serikali, mtu aliyepoteza risasi hakuulizwa maswali kwa upole.

Zake zilipungua tatu, na kijiji kizima kilijua zilikoenda.

Baba yake, Mzee Ogola, alipigana Burma katika jeshi la Wazungu. Alipokufa, siku ya tero buru, vijana wakikimbiza ng'ombe na mikuki kufukuza kifo bomani, mjomba mmoja anaitwa Oduor akasimama mbele ya waombolezaji. "Mtoto ana bunduki begani," akasema, "na baba askari anaondoka kimya kama kuku aliyekufa na kideri." Wanawake wakacheka. Vijana wakaanza kumwimba kwa kejeli. Zadock akavumilia, akavumilia, kisha akapiga tatu juu hewani, na sisi wote tukalia kwa raha. Maganda yaliokotwa na watoto, yakapotelea huko.

"Si useme ulifukuza wezi?" nikamwuliza.

"Chifu alikuwa kiti cha mbele, shemeji. Alikula nyama. Akiulizwa habari ya wezi atasema hakuna ng'ombe aliyeibiwa. Lakini zikiwa kamili, nani atamwuliza kitu?"

Inspekta alikuwa anakuja Jumatatu. Siku hiyo ilikuwa Ijumaa.

Nikamwachia msichana wangu sufuria, nikampeleka Zadock kwa Wabwire, mnunuzi wa vyuma chakavu karibu na reli. Huyo Wabwire alikula kwangu kila siku na mdomo wake haukuwa na pazia. Nilijua kwamba wajane wa wanajeshi wa zamani humletea masanduku ya marehemu bila hata kuyafungua. Mabaki ya jeshi: mikanda, chupa za maji, na chini kabisa, risasi. Yeye huziuza kwa kilo, bei ya shaba, kwa mafundi wa bangili.

Wabwire akamwaga juu ya gunia risasi zilizojaa mkebe wa mafuta ya Kimbo. Zadock akatoa moja ya kwake ndani ya soksi, akapiga magoti, akaanza kulinganisha.

"Hii haina ukingo kitakoni," akasema. "Ni ya bunduki za siku hizi." Akaiweka kando. Nyingine ilikuwa na nyufa shingoni. Nyingine ilitoka kiwanda kimoja na zake lakini mwaka mwingine. Alizigeuza kwenye mwanga, midomo ikitembea kama mtu anasoma rozari.

"Bwana, unachagua kama mitumba," Wabwire akamcheka. "Unataka yenye kola?"

"Nataka herufi hizi na mwaka huu."

Shemeji hakupaswa kusema hivyo. Wabwire aliacha kucheka. Akatazama jasho la Zadock, akatazama viatu vyake vya polisi, na bei ya shaba ikaisha hapo hapo.

"Wabwire," nikamwambia, "huyu ni mtu wangu. Na wewe unakula kwangu."

"Mama Hoteli, nakula nikilipa. Yeye akishikwa ataulizwa amenunua wapi. Hatari hiyo ndiyo nauza, si risasi."

Jua lilipoinama walikuwa wamepata tatu zinazofanana na zake, kavu, za rangi ile ile ya chai ya rangi. Zadock akamwachia Wabwire baiskeli yake iwe malipo, ile Raleigh aliyoachiwa na Mzee Ogola. Risasi tukazifukia katikati ya mfuko wa omena, wale dagaa wa ziwani. Nami nikafuatana naye Sondu, kwa sababu sikuamini miguu yake.

Jumapili tulienda kanisani sote isipokuwa Nakhungu, aliyebaki kuandaa nyumba. Wageni wa serikali wanakuja, na kwetu mgeni hakuti kitu kichafu. Tuliporudi, vikombe na sufuria vilikuwa vimeanikwa kwenye kichanja vikimetameta. Mwishoni mwa mstari zilisimama risasi tatu, zimesuguliwa kwa jivu na ndimu, zinang'aa kama pete za harusi.

"Zilikuwa zinanuka omena," Nakhungu akasema. "Nikaona aibu."

Zadock hakumgombeza. Ingekuwa heri amgombeze. Alikaa chini akazipaka moshi, zikawa nyeusi. Akapaka kinyesi cha ng'ombe, zikawa kijani. Kisha akaingia ndani, akatoa zile zake zilizobaki, akachota jivu, akaanza kuzisugua zote ili zifanane. Mimi na Nakhungu tukainama kumsaidia.

Inspekta aliyekuja Jumatatu alikuwa kijana mpole. Akahesabu. Kamili. Nikapumua. Kisha akachukua moja, akaigeuza.

"Zadock, nani alikwambia usugue?"

"Usafi, Afande."

"Rangi iliyozunguka kitako iko wapi? Hiyo ndiyo inazuia maji yasiingie. Sasa nitajuaje kama bado zinalia?" Hakuwa na hasira. Akachomoa kadhaa bila kuchagua, akampa. "Twende nyuma, piga kwenye kichuguu."

Ya kwanza ikalia, kuku wakatawanyika. Ya pili ikalia. Ya tatu ikasema *ta*, kama mtu amepasua njugu, basi. Zadock akabaki ameshika bunduki begani, jicho limefumbwa.

"Shusha polepole," Inspekta akasema. Akangoja kidogo, akaitoa risasi mwenyewe, akaifunga kwenye leso. "Zenu nilizileta mimi mwaka jana kutoka sanduku la zamani lakini halijawahi kufunguliwa, na tulijaribu sampuli. Hii imelala kwenye unyevu miaka. Umeipata wapi?"

Nilikuwa nimeshika birika. Zadock hakunitazama hata kidogo.

"Niliokota, Afande."

"Wapi?"

"Niliokota."

Konstebo waliokuja naye wakamvua Zadock mkanda. Akaomba avae koti, wakamruhusu, akapanda nyuma ya Landrover kama mtu anayeenda sokoni. Chai ilikuwa imeshamiminwa. Konstebo mmoja akanywa yake amesimama, akashukuru.

Gari lilipovuka daraja Nakhungu alirudi kwenye kichanja, akaanza kukusanya vikombe, kimoja kimoja, akivifuta tena ingawa vilikuwa safi.

"Kwani Maximilla," akaniuliza, "ningeziacha zinuke vile vile?"

Nikachukua kitambaa cha pili, nikaanza kufuta na mimi.