Mikono Safi ya Wiebke Lührs

Kabla ya kugusa chochote, Wiebke Lührs alinyunyizia meza dawa, akaisugua, akasugua pia mikono yake mpaka viwikoni, kisha akavaa glavu mbili, moja juu ya nyingine. Ndiyo iliyokuwa desturi ya maabara yao pale Greifswald, Ujerumani. Ngozi ya mtu hutoa vimeng'enya vinavyokata RNA, ule ujumbe unaoiambia seli itengeneze nini, na kidole kitupu kikigusa kichupa, kazi ya wiki nzima hugeuka makapi. Jaribio likiharibika, hakuna aliyeilaumu mashine. Walitazamana mikono.

Jumanne moja ya Machi glavu zote mbili zilichanika, na ncha ya kidole chake ikalowa ndani ya kichupa. Thorben, aliyekaa naye meza moja, alisikitika.

"Pole sana, dada. Anza upya tu."

Walipopima, RNA ilikuwa nzima. Wakakipima na kidole. Hakikuwa na kimeng'enya hata chembe. Miaka tisa ya kusugua ilikuwa imevimaliza.

"Basi nishikie na vyangu," akasema Thorben, akamsogezea trei yake ya vichupa.

Profesa Harmsen, mkuu wa maabara, alikuja kutazama akafurahi.

"Vua hizo glavu, Wiebke, zinakuchelewesha bure. Ila kusugua usiache."

Kuanzia siku hiyo mambo yakanyooka. Pale walichunguza jinsi seli inavyojihami: virusi wakiingia, vimeng'enya vya seli huamka na kukatakata RNA, ya mgeni na ya mwenyeji, hata seli yenyewe ikafa ili jirani zake zipone. Hakukuwa na matokeo safi kama yaliyopita mikononi mwa Wiebke. Naye, tuseme kweli, alifurahi. Mkataba wake uliisha kila Septemba, na kila mwaka alihofia kuingia Oktoba bila kazi. Sasa Profesa alikuwa ametaja ajira ya kudumu. Alitaja mara moja tu, huku akitafuta funguo za baiskeli, lakini alitaja.

Mei, majani mororo ya kijani yakaota viganjani mwake, ya aina ile inayoota kwenye vigae vya kanisa upande usiopigwa jua. Juni ukafuata uyoga. Mumewe, Henning, ambaye kila vuli huingia msituni na kikapu, aliuvalia miwani pale mezani kabla ya kupaka mkate siagi.

"Huu hauliwi."

"Nani kakuuliza kama unaliwa?"

"Nakuambia tu, usije ukajilamba vidole."

Daktari Behrends naye hakushangaa.

"Vimeng'enya vile ndio askari wa ngozi yako, bibie. Vijidudu wanavimaliza mlangoni. Wewe umewafukuza kazi wote, sasa kila mpita njia anajenga. Pumzika miezi mitatu, usisugue, watarudi."

"Nisipopumzika?"

"Vidole vitaondoka," akasema daktari, akiendelea kuchapa cheti cha mapumziko.

Wiebke alikipeleka cheti kwa Profesa.

"Miezi mitatu! Na mikataba inapangwa Septemba? Asiyekuwapo na lake halipo, Wiebke, na si mimi niliyeanzisha hayo. Kazi yetu unaijua. Seli moja inajitoa, jirani zinapona."

"Na hiyo seli, Profesa, huwa inaulizwa?"

Profesa alicheka, kwani alipenda swali zuri, akaliandika ubaoni ili lijadiliwe Ijumaa. Wiebke alirudi mezani kwake na hasira zake, akasugua mikono.

Kidole cha kwanza kiliondoka Julai, kile kidogo cha mkono wa kushoto, bila damu wala maumivu, alipokuwa akifunga kifuniko. Thorben alikiokota, akakibandika jina na tarehe kama sampuli nyingine yoyote, akakiweka kwenye friza. Viwili vilifuata Agosti. Kidole kimoja hakivunji chawa, ni kweli, lakini saba, ilionekana, vinafungua vichupa bila shida.

Septemba Profesa alimwita ofisini, akamkaribisha kahawa. Mkataba ulikuwa umepatikana. Haukuwa wa kudumu. Ulikuwa wa mwaka mmoja, kwa asilimia sabini ya ajira.

"Kwa nini sabini?"

"Utumishi wanahesabu vidole, mpenzi. Nimewabembeleza sana wasikiondoe hesabuni na kile kilicholegea."

"Na kazi itapungua?"

"Kazi ni ileile."

Wiebke aliishika kalamu kwa vidole alivyobaki navyo, akatia sahihi, akamshukuru. Shukrani ilimtoka moyoni, ya kweli kabisa, na hiyo ndiyo iliyomuuma.