Mbuzi Mbele ya Klabu ya Visu

Griffins Obiero alimdanganya mkewe kwa jina la kanisa, na alidanganya vizuri. Kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana alivaa shati la mikono mirefu, akamwambia Selpha kwamba anakwenda kwenye kamati ya ujenzi, akatoka na uso wa mtu aliyebebeshwa mzigo wa Bwana. Kisha aliendesha gari hadi Nyamasaria, kwenye baa ya Rahab, akatoa visu mfukoni na kuvipanga mezani.

Walikuwa watatu. Griffins aliuza bima. Wahome aliuza vipuri vya magari pale Kondele. Debra alikuwa daktari wa meno, na ndiye pekee kati yao aliyewahi kumtoa mtu damu kihalali. Kilichowakutanisha ni visu vya kukunja, vile ambavyo mtu hununua ili awe navyo tu: mipini ya mfupa wa ngamia, mipini ya pembe, chuma kilichofuliwa tabaka juu ya tabaka mpaka kikajichora mawimbi. Walivipitisha mkono kwa mkono, wakavifungua na kuvifunga karibu na sikio wasikie mlio wa springi, huku wakinywa bia ambayo Rahab aliipika mwenyewe kwenye matangi nyuma ya baa. Bia ikiisha, walihamia wiski.

Sheria ya klabu ilikuwa moja: kisu hakikati kitu.

"Kikishakata kitunguu," Griffins alipenda kusema, "hicho si kisu tena. Hicho ni mali ya jikoni." Wenzake waliitikia kwa vichwa kama watu wanaosikia Injili.

Jumamosi moja Debra alileta chupa ya wiski ya Skoti, ile inayonukia moshi, wakaagiza mguu na mbavu za mbuzi wa kuisindikiza. Rahab alileta sinia mwenyewe. Nyama ilikuwa nzima, haijaguswa.

"Kisu cha jikoni kimevunjikia kwenye paja," alisema. "Lakini nimewaambia huko ndani hakuna shida. Wale wa meza ya kona wako na visu kumi."

Wahome akaangalia dari. Debra akasema chake kina mpini wa pembe, mafuta yataingia. Griffins akajikohoza.

"Rahab, hivi si vya nyama."

"Ni vya nini?"

"Ni vya... kuthaminiwa."

"Sawa. Thaminini, nyama ikipoa mtaniita," Rahab akasema, akarudi kwenye matangi yake.

Wakajaribu kwa mikono. Mbuzi alikuwa wa moto na hakuwa na huruma. Wahome alikuwa ameng'ang'ania ubavu mmoja kwa leso, Debra ameushika upande wa pili, wanavutana kama watoto, pale Selpha alipoingia mlangoni na sare ya akina mama wa kanisa, kitambaa cheupe kichwani.

"Nyasaye, Mungu wangu," Griffins akanong'ona.

"Baba Akello," Selpha alisema. "Kamati inaendeleaje?"

Selpha alikuwa muuguzi wa chumba cha upasuaji, si mtu wa kupandisha sauti. Alivuta kiti akakaa.

"Umejuaje niko hapa?"

"Tumekuja kumwona mgonjwa hapa nyuma. Napita, naona gari la bima limeegeshwa nje ya baa, na picha yako ubavuni, unacheka." Akaweka mkoba mezani, kati ya visu. "Nilikuwa nakutafuta hata hivyo. Mchungaji amepiga simu kukupongeza. Umechaguliwa mwenyekiti wa ujenzi wa choo."

"Mimi? Lakini mimi sijawahi hata..."

"Hujawahi kufika. Ameniambia. Wote waliokuwepo walikataa. Wewe hukukataa."

Wahome alianza kucheka, akakigeuza kicheko kuwa kikohozi. Griffins alitamani ardhi ya Nyamasaria immeze na kiti chake.

Selpha akaitazama nyama. "Na hii mbona hamli?"

Debra akamweleza sheria ya klabu, sauti ikipungua kila neno. Selpha alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo mko na visu kumi, na mnakula kwa kucha."

Akanyoosha mkono. Alivipita vyote, akachukua kile cha Griffins, cha mfupa wa ngamia.

"Mama Akello, si hicho! Tafadhali. Chukua cha Wahome."

"Omera, ndugu yangu!" Wahome akafoka.

Selpha alikuwa amekwisha kukifungua. Alikimwagia wiski ya Debra, Debra akaguna kama aliyeng'olewa jino, Selpha akakipangusa, akatafuta kiungo cha paja kwa kidole gumba, na kukata. Hakusukuma wala hakukereza. Nyama iliachia tu. Griffins alikuwa amekasirika, lakini hakuweza kuondoa macho. Miaka yote hiyo alikuwa amekipaka mafuta kisu kile na kukilaza kwenye kitambaa, na hakujua kama kinaweza hivyo. Alimwonea mkewe wivu.

"Nipe nijaribu," akasema.

Basi sheria ikafa hapo hapo. Debra alikata ndimu, kisha pilipili, kisha ndimu nyingine bila sababu. Wahome, aliyejigamba kwamba chake kinanyoa nywele, alinyoa kidogo mkono, akanogewa, akajikata kidole gumba. Selpha alimshika na kumsafisha kwa wiski ile ile. Wahome alipiga ukelele mpaka waliokuwa wakitazama mpira wakageuka, wakidhani kuna bao.

"Ng'ombe wewe," Selpha alimwambia kwa upole, akimfunga kwa leso. Kisha akanusa glasi iliyobaki. "Hii inanuka kama jiko la kukaushia samaki wa mbuta." Akanywa. Akafikiri. Akaongeza. "Paulo alimruhusu Timotheo, kwa ajili ya tumbo."

"Ilikuwa divai," Griffins alisema.

"Wewe nyamaza, mwenyekiti."

Walirudi nyumbani kwa tuktuk, gari likabaki nje ya baa likicheka peke yake. Njiani Selpha alimwambia kwamba choo hicho atakijenga, na Jumamosi atakuwa kanisani kweli.

Jumamosi iliyofuata alikaa kwenye kiti cha plastiki na kusikiliza wazee wakigombana kuhusu mlango wa choo uelekee wapi. Alirudi akiwa amechoka, akawasha televisheni. Giza likiwa linaingia, Selpha naye akafika, ananukia moshi wa nyama.

"Rahab amepika bia nyingine, ameitia ganda la chungwa," alisema, akivua viatu. "Na Wahome amekuja na kisu cha mpini wa mzeituni."

Griffins alijifanya hasikii. Haikumchukua muda.

"Amekikatia nini?"

"Nanasi."

"Nanasi? Na maji yale yote?"

"Nilimwambia apanguse."

Griffins alizima televisheni, akasogea kumpa nafasi kwenye kochi. "Haya," akasema, "anza mwanzo. Na usiharakishe."