Marahaba ya Kigae

Kila asubuhi Bertila aliketi kwenye kigoda, beseni la maji miguuni, akasugua vigae vya vyungu vya kale kwa mswaki wa meno. Vilikuwa vya Bwana Eustace, Mwingereza aliyechimba mambo ya kale karibu na Igalula, kando ya njia ya misafara. Bwana Eustace alipima kingo na kuchungulia nakshi ili ajue umri wa kigae. Akishaujua, aliujua na umri wa jembe au mfupa uliolala nacho. Kazi hiyo ilimlia miezi.

Bertila, mfinyanzi na mjukuu wa wafinyanzi, hakuwa na miezi ya kuchezea. Aliviamkia tu. Vilivyomzidi umri vilijibu, "Marahaba." Vilivyokuwa vidogo kwake viliwahi vyenyewe, "Shikamoo, mama." Akitaka kujua kati ya viwili kipi mkubwa, aliviweka mkekani akasikiliza nani anampa nani shikamoo. Vigae viwili vya chungu kimoja vilibishana mpaka adhuhuri. Bwana Eustace alilinganisha hesabu zake na mkeka wa Bertila, akafuta zake.

Mwezi wa sita Bwana Misitu, Mzungu wa serikali kutoka Tabora, alileta amri. Wanakijiji wahame, bonde liwe msitu wa serikali, kwa kuwa wao ni wageni waliokuja juzi na reli. Bertila aliumia sana. Udongo wa bonde lile ndio uliomsomesha, ukamwoza, ukamzikia mama yake.

"Tutampelekea mkubwa wa vigae, aone nani mgeni," alisema.

Yeye na Bwana Eustace wakaenda barazani kwa Bwana Misitu na sanduku la vigae. Mkubwa alikuwa kipande cha ukingo chenye alama za ukucha, zile zile anazotia Bertila mpaka leo. Kilikuwa na miaka elfu na mia mbili. Baraza lilingoja vigae vingine vimalize kukiamkia, na ilichukua muda.

"Na mimi kitanijibu?" aliuliza Bwana Misitu.

"Ukikiamkia, Bwana."

"Jambo," alisema Bwana Misitu.

Kigae kikanyamaza.

"Jambo sana!"

Kimya. Bwana Eustace akamnong'oneza neno linalotakiwa. Bwana Misitu akawa mwekundu mpaka masikioni. Miaka kumi na moja Tabora alikuwa hajampa mtu mweusi shikamoo, na hakuwa tayari kuanzia kwenye chungu kilichovunjika. Akachovya kalamu, akaandika: Shahidi hakujibu.

Mwisho wa Agosti watu walihama na kuku wao. Bondeni kikasimikwa kibao cha bati: MSITU WA SERIKALI. Kwa kuwa hapakuwa na kitu kidogo kwa umri kuliko chenyewe mahali pale, kibao kilisema shikamoo kila kulipokucha, na bonde zima likaitikia marahaba.

Nassibu, askari wa msitu, aliizoea sauti hiyo upesi. Naye alikuwa mtu wa adabu. Kila alipomkuta Bertila na karai lenye udongo wa bondeni alivua kofia, akasema, "Shikamoo, mama," akangoja ajibiwe, kisha akamwambia aumwage.